Maswali ya wasomaji: Msitu wa Nyiragongo, juu ya mji wa Goma

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya safu ya safari hii zimezunguka jambo moja, nalo ni msitu unaofunika mitelemko ya Nyiragongo, mlima wa volkano tunaouona kutoka karibu kila mtaa wa Goma, hapa mashariki mwa Kongo, mawingu yanapokubali kufunguka. Msitu huo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Hifadhi ya Albert na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Miji michache mikubwa ina hifadhi iliyo karibu namna hii, kwani kilele cha mita 3,470 kiko umbali usiofika kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Baadhi ya maswali tumeyafupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Ndugu Mhariri, kila ninapowapeleka wanafunzi kutazama lava ya 2002 wananiuliza kama siku moja patakuwa na msitu tena mahali pale. Sina la kuwajibu. Je, msitu wa Nyiragongo uliwezaje kuota juu ya mawe? — Mwalimu, Ndosho

Mwalimu, jibu ni ndiyo, ila wanafunzi wako wasitegemee kukaa kwenye kivuli chake wakiwa vijana. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno kutiririka kwa sababu ina silika kidogo, yaani yale madini yanayoifanya lava iwe nzito, na ndiyo maana tarehe 17 Januari 2002 iliweza kupita katikati ya mji, kufunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia hadi Ziwa Kivu. Inapopoa huacha jiwe tupu, lisilo na udongo wala mbegu hai, na maji ya mvua hayakai juu yake hata saa moja, kwani yote huzama katika nyufa. Ndiyo sababu pia katika vijiji vya Kibati na Kibumba hakuna mito, na watu hutembea mbali na vidumu ilhali mvua inanyesha karibu mwaka mzima.

Kiumbe wa kwanza kuishi juu ya jiwe hilo ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kitu kimoja. Hapa kwetu inayotawala ni ile ambayo wataalamu huiita Stereocaulon vesuvianum. Ukisimama mbali utadhani lava imemwagiwa majivu. Waambie wanafunzi wapige magoti: wataona vichaka vidogo vya rangi ya kijivu, virefu kama ukucha, vinavyovunjika kwa mlio wakati wa jua na kulainika mara tu mvua inapoanza. Vijichaka hivyo hunasa naitrojeni kutoka hewani, jambo ambalo jiwe haliwezi kumpa mmea yeyote, na vinapokufa huacha unga mweusi ambao ndio udongo wa kwanza. Baada yake huja mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia, na kangaga, ambazo hazioti juu ya mgongo wa jiwe bali ndani ya nyufa, mahali vumbi na unyevu hukaa. Kisha nyasi, vichaka, na mwishowe miti ambayo mizizi yake huzidi kuupanua ule ufa ulioipokea. Ukitaka kulinganisha, itazame lava ya Nyamulagira, volkano jirani, ya 1938, iliyofika ziwani karibu na Sake. Mahali isipochimbwa wala kulimwa, vichaka na miti vimekwisha kushika, wakati lava iliyosimama Buhene mwezi Mei 2021 bado inaonekana kama barabara iliyoharibika.

Kuna jambo ambalo vitabu vya shule mara nyingi hulipita haraka. Lava haifuniki kila kitu. Inapokutana na mwinuko hugawanyika, ikapita kulia na kushoto, na kuacha kisiwa cha msitu wa zamani katikati ya mawe meusi. Ni katika visiwa hivyo ndege hula matunda na kuyabeba, na ni kutoka humo upepo hutawanya mbegu. Mlima umelipuka mara nyingi kabla ya mji wa Goma kuwepo, na msitu umerudi kila mara kwa sababu mbegu zilibaki karibu. Mkata miti, kwa upande wake, huanza na visiwa hivyo hivyo, kwa kuwa ndimo iliyobaki miti minene, na hapo ndipo ninapoona hatari iliyo kubwa kuliko volkano yenyewe.

Kama utapata nafasi ya kuwafikisha wanafunzi mahali salama palipo na lava iliyopita msituni, watafutie mashimo ya mviringo yanayosimama wima ndani ya jiwe. Lava ilipouzunguka mti, ilipoa upande wa gome lenye maji kabla shina halijateketea, na kilichobaki ni bomba la jiwe ambalo ndani yake wakati mwingine mikunjo ya gome inasomeka kwa kidole. Mlipuko wa tarehe 10 Januari 1977 ulikuwa wa kasi kiasi kwamba hata tembo walinaswa kwa namna hiyo hiyo. Kwa darasa la kawaida, hata hivyo, kamba ya mita 4 inatosha: iwekeni chini kwa umbo la mraba juu ya lava ya 2002, hesabuni aina za mimea iliyo ndani yake, kisha fanyeni vivyo hivyo juu ya ile ya 2021. Tofauti mtakayoiandika kwenye daftari itawafundisha zaidi kuliko ukurasa huu.

Kaka Mhariri, redioni tunaambiwa kila siku kwamba sisi akina mama tunaopika kwa makala, yaani mkaa, ndio tunaomaliza msitu. Nina watoto saba. Umeme leo upo, kesho haupo, na gesi siiwezi. Basi nipike kwa kutumia nini? — Mama, Majengo

Mama, kwanza nakubaliana nawe kwamba lawama hiyo imeelekezwa mahali ilipo rahisi kuelekezwa. Anayenunua kipimo kimoja cha makala asubuhi hakuchagua msitu ukatwe. Alichagua watoto wale. Ukweli unabaki, hata hivyo, kwamba sehemu kubwa ya makala inayoteremka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka upande wa Kibati na Kibumba, na ile inayoingia kutoka upande wa Sake, imetokana na miti ya hifadhi, na kwamba biashara hiyo kwa miaka mingi imekuwa na wakubwa wenye silaha ambao wewe hujawahi kuwaona wala hawapiki kwenye mbabula, yaani jiko la makala. Ongeza kwamba mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa Kibumba, Katale na Mugunga, kando kabisa ya msitu, na walihitaji kuni kila siku. Na kwamba tangu 2022 watu wetu wenyewe waliokimbia vita walijazana Kanyaruchinya na Bulengo katika hali hiyo hiyo. Mtu aliyelala chini ya turubai juu ya jiwe baridi hawezi kuambiwa asiwashe moto.

Ili uone msitu unavyopotea, fikiria tanuru. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha huwashwa kupitia tundu moja, na mchomaji hukaa hapo siku kadhaa akiziba kila mahali moshi unapotokea kwa nguvu. Moshi mzito mweupe ni maji yanayotoka. Ukigeuka mwembamba wa bluu, kuni zimeiva na tanuru lisipozibwa haraka yote yatakuwa majivu. Mchomaji anayefanya kwa kujificha hana muda wa kusubiri wala wa kukausha magogo, kwa hiyo huharibu mengi: kwa tanuru la udongo la kawaida, kilo 1 ya makala hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni. Hasara kubwa, basi, hutokea msituni kabla hata gunia halijafungwa, na hiyo haipo mikononi mwako.

Kilicho mikononi mwako ni kidogo, lakini mfuko wako utakisikia. Mbabula ya bati tupu hupoteza joto pande zote. Jiko lililopakwa udongo wa kuchoma ndani hupunguza makala kwa theluthi moja, na likitunzwa vizuri huweza kukaribia nusu. Chagua lenye udongo usio na ufa, na uangalie kwamba sufuria inakaa karibu na makala badala ya kuelea juu yake. Maharage uyaloweke tangu jioni na maji yake ya kwanza uyamwage. Sombe, yaani majani ya muhogo, uitwange vizuri kabla ya kuiteleka, kwani kutwanga kwako ni bure na moto hauna huruma. Funika sufuria. Haya unayajua, lakini nimeona nyumba nyingi ambamo maharage yanachemka wazi kuanzia saa nne hadi saa nane, na hesabu ya mwezi mzima inakuwa nzito kuliko karo ya mtoto mmoja.

Kuhusu umeme, kituo cha Matebe kilichoko Rutshuru, chenye uwezo wa megawati 13.8, kilizinduliwa Desemba 2015 na waya zake zimefika Goma. Wapo wanaopikia umeme huo, hasa wenye kipato cha kudumu. Kwa maoni yangu, mpaka siku mama wa Majengo atakapoweza kulipia umeme kidogo kidogo kama anavyonunua makala, na akawa na hakika kwamba jioni utakuwepo, hotuba za redioni hazitapunguza hata gunia moja.

Nimebishana na wenzangu. Mimi nasema ngagi, yaani sokwe wakubwa (gorila), wanaishi kwenye Nyiragongo, wao wanakataa. Nani ana haki? — Mwanafunzi, Himbi

Wenzako, kijana wangu. Ngagi wa milimani wa upande wetu wanaishi katika eneo la mlima Mikeno, mashariki zaidi, na wageni waliokwenda kuwatazama walianzia Bukima au Jomba na si Kibati. Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu ngagi 604 katika safu nzima ya milima ya Virunga, ile tunayoshirikiana na Rwanda na Uganda. Kwenye Nyiragongo utakuta nyani na ndege wengi chini, kisha karibu na kilele msitu hupungua, vichaka vya erika na miti ya ajabu ya senesio hushika nafasi, na baridi ya usiku ni ya kukoseshea mtu usingizi.

Mzee mmoja ananiuzia kiwanja karibu na mpaka wa hifadhi kwa bei nzuri sana, na ana karatasi yenye muhuri. Anasema babu zake walilima hapo. Ninunue? — Papa, Munigi

Usinunue kabla hujajua kwa hakika kiwanja kiko upande gani wa mpaka, na bei nzuri sana ikufanye uulize mara mbili. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali, na kile mtu anachoweza kukipata ni haki ya kuitumia, inayothibitishwa na cheti cha usajili kutoka kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Muhuri wa kijiji unaweza kuwa na uzito nje ya hifadhi, mahali mila inapotambuliwa, lakini ndani ya hifadhi hauna nguvu yoyote, kwa sababu hakuna chifu wala mtumishi wa ofisi mwenye mamlaka ya kugawa ardhi hiyo. Sheria namba 14/003 ya 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira inafanya ulimaji na ujenzi ndani ya hifadhi ya taifa kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo na faini, na adhabu hiyo itakukuta wewe uliyejenga, si mzee aliyekwisha kula fedha.

Sisemi kwamba huyo mzee anadanganya kuhusu babu zake. Mpaka ulichorwa wakati wa ukoloni, na watu wa Bukumu, uchifu wa hapa kwetu, walikuwa hapa kabla ya Wabelgiji kuja na ramani zao. Malalamiko hayo ni ya kweli na yanastahili kusikilizwa mahali pake. Lakini malalamiko ya haki hayageuki kuwa hati ya kiwanja. Nenda na huyo muuzaji kwenye kituo cha walinzi wa hifadhi, na halafu kwenye ofisi ya ardhi. Akikataa kuongozana nawe, umekwisha kupata jibu bila kulipa.

Nina shamba la mawe Kibati. Ninataka kupanda miti ya kuuza kuni na makala halali. Jirani anasema eukaliptusi itakausha shamba lake. Unanishauri nini? — Mkulima, Kibati

Wazo lako ni zuri, na halijaanza leo: mradi wa EcoMakala, uliosimamiwa na WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, pamoja na vyama vya wakulima kuanzia 2007, ulisaidia watu wengi kuzunguka hifadhi kupanda miti ya kuchoma kwenye mashamba yao wenyewe. Mti uliopandwa na mwenyewe hukatwa mchana, hukauka vizuri na huchomwa bila kukimbizana, kwa hiyo hata tanuru hutoa makala mengi zaidi kwa kuni zile zile.

Jirani yako ana haki kiasi. Eukaliptusi hukua haraka, hukatwa baada ya miaka 5 hadi 7 na kuchipua tena kutoka kwenye kisiki, jambo ambalo miti michache hulifanya kwa uaminifu namna hiyo. Lakini mizizi yake hunyang'anya maji na chakula mimea iliyo karibu, na maharage yaliyopandwa chini yake hubaki manjano. Ipande basi sehemu ya jiwe tupu ambako hutalima kamwe, mbali na mpaka wa jirani. Karibu na mazao weka grevilea, ambayo inavumilia kupogolewa na haigombani sana na mahindi. Akasia nyeusi hutoa makala mazuri na hurutubisha udongo, ila mbegu zake hutapakaa na miche huota mahali usipotaka, na kwa shamba linalopakana na hifadhi mimi nisingeipanda.

Juu ya lava mafanikio hutegemea shimo kuliko mti. Usitafute mahali palipo sawa. Tafuta ufa, upanue kwa nyundo na mtalimbo mpaka kiwiko kiingie, jaza udongo uliochanganywa na samadi, kisha zungushia mawe upande wa chini ili mvua isiusombe. Panda mwanzoni mwa mvua za Septemba. Mche uliowekwa mwezi Juni juu ya jiwe la moto ni hasara ya mchana mmoja.

Majani ya mboga zangu yana madoa ya kuungua ingawa sijapulizia dawa. Watu wanasema ni moshi wa mlima. Ni kweli? — Mama, Rusayo

Inawezekana kabisa. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa dioksidi ya salfa kwa wingi, na ikichanganyika na mvua au ukungu hushuka kama asidi, ikiunguza kwanza majani laini kama ya mboga na maharage. Upepo huupeleka moshi huo mara nyingi upande wa magharibi, yaani kwenu. Osha mboga vizuri nawe utakula bila shida. Maji ya mvua ya paa ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwani moshi hubeba pia floridi inayoharibu meno ya watoto wanaokua, na kuchemsha hakuiondoi. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ziache zioshe paa kabla hujaelekeza mfereji kwenye pipa.

Nyuma ya nyumba yetu kuna bonde dogo lenye mazuku, na mbuzi wawili wamekufa humo. Je, tukipanda miti mingi bonde lote, mazuku yataondoka? — Familia, Bulengo

Hapana, na yanaweza kuwa mabaya zaidi. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa. Ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hulala bondeni, haina rangi wala harufu ya kumwamsha mtu, na huondolewa na jua na upepo tu. Ukizungushia bonde miti minene au ukuta wa mawe, umezuia upepo, na gesi itakaa mpaka mchana. Mizizi yenyewe ikikosa oksijeni hufa, kwa hiyo mngepoteza hata miche.

Wekeni uzio wa wazi, wa fito au waya, juu ya ukingo na si chini bondeni, na mpake mawe ya kuzunguka rangi nyeupe ili hata mgeni wa usiku ayaone. Hatari ni kubwa zaidi usiku na alfajiri, wakati hewa imetulia, kwa hiyo mbuzi wafungwe upande wa mwinuko na watoto wasitumwe kuokota kuni humo kabla jua halijapanda. Msitegemee ule mtindo wa kushusha kibatari kuona kama kitazimika, kwani mwali huzimika wakati gesi imekwisha kufikia kiwango cha kumwangusha mtu, na anayekishika huwa ameinama tayari. Mtu akianguka bondeni, asiingie mwingine kumwinua: wengi waliokufa kwa mazuku walikuwa waokoaji. Wekeni kamba ndefu yenye ndoano nyumbani, mahali panapojulikana na wote, mmvute kutoka juu, na mpelekeni hospitali hata kama ameamka na kusema hajambo. Kisha mjulishe chifu wa mtaa, ili bonde hilo liwekewe alama na viwanja vyake visiuziwe watu wasiolijua.